Wekundu wa Mvinyo Si Wekundu wa Damu

Mama mjamzito anapoelezwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu, huenda akapokea ushauri wa pili akifika nyumbani: anywe glasi ya mvinyo mwekundu kila jioni ili damu iongezeke. Imani hiyo ni ya siku nyingi nchini. Katika eneo kama Zegereni, Kibaha, ambako joto na unyevu wa pwani haviufai mzabibu, chupa hufika dukani ikijulikana kwa rangi yake kuliko kwa asili yake. Yafaa basi kueleza wekundu huo hutoka wapi.

Zabibu nyingi nyeusi zikikamuliwa, maji yake huwa hayana wekundu. Rangi imo katika ganda. Mtengenezaji huyaacha maganda ndani ya maji hayo wakati hamira inapogeuza sukari kuwa alkoholi, na hapo ndipo rangi iitwayo anthosianini huyeyuka. Pamoja nayo hutoka tanini, yenye ukakasi unaofanana na ule anaoujua kila aliyewahi kula bibo.

Tabia ya mvinyo hutegemea pia hali ya hewa. Katika jimbo la Bourgogne, Ufaransa, lenye ubaridi, hulimwa zabibu ya Pinot Noir yenye ganda jembamba. Huiva polepole, haijazi sukari nyingi, na hubaki na uchachu wake. Mvinyo wake ni mwepesi, wa wekundu uliopauka. Penye joto, uchachu hupungua upesi na sukari hupanda, hivyo mvinyo huweza kuwa mzito na wenye alkoholi zaidi. Nchini Tanzania, kilimo cha zabibu kilianzishwa Dodoma na wamisionari wa Kiitaliano katika miaka ya 1950. Huko, kwenye uwanda mkavu ulio mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, mzabibu haulali kwa baridi kama Ulaya, na mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyeusi ya Makutupora ndiyo hutoa sehemu kubwa ya mvinyo mwekundu wa huko.

Uwe wa nchi ya baridi au ya joto, wekundu wa mvinyo ni rangi ya ganda. Wekundu wa damu ni kitu kingine: ni himoglobini, ambayo mwili huijenga kwa madini ya chuma. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo ina chuma kisichofika miligramu 1, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apate nyongeza ya miligramu 30 hadi 60 kila siku, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Isitoshe, tanini huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo katika maharage na mboga za majani. Glasi hiyo hubeba pia gramu zipatazo 15 za alkoholi, ambayo hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Hakuna kiasi chochote cha alkoholi kinachojulikana kuwa salama kwake.

Upungufu wa damu una sababu zake, na katika mkoa wa Pwani malaria na minyoo ya safura ni miongoni mwazo. Tiba yake ni vidonge vya kliniki, chandarua chenye dawa, na dawa za malaria na minyoo kama mhudumu atakavyoelekeza. Chakula husaidia: dagaa, nyama, kunde, matembele, na chungwa au embe mezani, kwani vitamini C hurahisisha ufyonzaji wa chuma. Chai, ambayo nayo ina tanini, inywewe mbali na mlo.

Mama aliyekwisha kunywa mvinyo kwa nia njema hana sababu ya kuficha. Aache, kisha amweleze mkunga, ili damu yake ipimwe na tiba stahiki ianze mapema.