Vipele vya Sehemu za Siri

Mficha maradhi kilio humfichua. Mtu aonapo vipele katika sehemu zake za siri huona haya akanyamaza, au hujipaka dawa yo yote. Hayo si mema, maana vipele hivyo havina asili moja.

Upele huwasha sana usiku, nao huonekana pia katikati ya vidole. Yafaa wote wa nyumba moja watiwe dawa siku moja. Choa huota kwenye kinena, hufanya duara yenye ukingo ulioinuka. Malengelenge madogo, yenye maumivu, yaliyokusanyika pamoja, yapoayo na kurudi, huenda yakawa herpesi.

La kuogopwa zaidi ni donda gumu lisiloumiza: huenda likawa kaswende. Hutokea yapata majuma 3 baada ya kuambukizwa, likapoa lenyewe. Mtu hudhani amepona, kumbe ugonjwa ungalimo mwilini. Mwanamke mwenye mimba aweza kumwambukiza mtoto wake tumboni, hata akazaliwa mfu.

Macho peke yake hayatoshi kupambanua. Machifu na walimu wawahimize watu kwenda hospitali kupimwa damu, mume na mke pamoja. Kaswende huponywa kwa sindano ya penisilini.