Mwarobaini waingia maabara kutengeneza unga wa kupambana na bakteria

KAMA ulilelewa Pwani, bila shaka ushawahi kunywa mwarobaini huku umeziba pua. Siku hizi majani hayo machungu yanatumika maabara kutengeneza chembechembe za oksidi ya zinki, ndogo mno hivi kwamba zaidi ya elfu moja hutoshea kwenye upana wa unywele mmoja.

Zinki yenyewe si ngeni. Ile losheni ya waridi uliyopakwa ulipougua tetekuwanga inayo.

Mbinu hii inakaribia kupika chai. Majani huoshwa, huchemshwa, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na chumvi ya zinki juu ya moto. Kemikali za jani hushika zinki na kuzuia chembe zisigandane. Kinachobaki huchomwa kwenye tanuri, na unga mweupe hutokea.

Mbona hangaiko lote hili? Bakteria kama Staphylococcus aureus, wanaotunga usaha kwenye vidonda, wamezoea antibayotiki kadhaa. Chembe hizi huwavamia kivingine: hutoa ayoni za zinki na aina kali za oksijeni zinazoharibu utando wao.

Lakini tulia kidogo, msee. Mengi ya majaribio haya yamefanyiwa kwenye visahani vya maabara, si kwa wagonjwa. Dozi ikizidi, hata seli zako zinaumia. Tena jani la kiangazi si sawa na la masika, kwa hivyo unga wa leo huenda usifanane na wa kesho. Ukiuziwa krimu ya "nano" mtaani, uliza kwanza kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.