Hesabu ya Maduka ni Faida Yako

Ndugu mkulima wa Tiwi, umeuza korosho zako na sasa wataka kufungua duka. Ngoja kidogo! Uliza kwanza: maduka mangapi yapo tayari? Tuseme yako kumi yauzayo sukari na sabuni, wala hakuna fundi wa pikipiki hata mmoja. Duka la kumi na moja litagombea wateja wale wale. Fundi atapata kazi siku ya kwanza.

Serikali nayo yahitaji hesabu hiyo. Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Takwimu lilikadiria biashara ndogo ndogo za Kenya kuwa milioni 7.4, milioni 5.85 hazikuwa na leseni. Basi afisa wa kaunti atazamaye daftari la leseni tu, haoni hata robo. Atajuaje soko lipanuliwe Tiwi au Ukunda?

Wengine hujificha wakimwona karani wa takwimu, wakidhani ni mtoza kodi. Sivyo. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 yamtaka aweke siri habari za kila mtu.

Basi fanyeni hivi:

1. Hesabuni maduka, mashine za kusaga na mafundi wa skimu yenu. Andikeni pia kisichopatikana.

2. Pelekeni orodha hiyo kwenye mikutano ya mpango wa kaunti.

3. Karani akija, mwambieni kweli.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.