Ganzi ya Vidole: Je, Kuchua Mkono Kwatosha?

Fundi cherehani huamka usiku wa manane, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi; hukung'uta mkono mpaka apate nafuu. Chanzo hakimo vidoleni, bali katika kifundo cha mkono. Hapo pana njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa kwa utepe mgumu, ambamo hupita kano tisa pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia hiyo ikisonga, mshipa hubanwa. Kidole kidogo husalimika, kwa kuwa hisia zake hupita katika mshipa mwingine.

Je, kuchua kwafaa? Majaribio machache, yenye wagonjwa wachache, yameonyesha kwamba kuchua mkono kuanzia kisugudi hadi kiganjani huweza kupunguza maumivu na ganzi kwa muda. Hata hivyo, kuchua hakuulegezi kabisa utepe unaobana. Kwa hiyo kuandamane na kuupumzisha mkono, na kufunga banzi usiku ili kifundo kisipinde.

Ndugu msomaji, tazama shina la kidole gumba. Nyama yake ikianza kunywea, au sindano ikikuponyoka mara kwa mara, usitegemee kuchua. Mwone daktari upesi. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huenda usipone kabisa, hata baada ya upasuaji.