Hisa za michezo ya kompyuta: tazama kwanza saa za kazi

Mwenye hisa katika kampuni ya michezo ya kompyuta husoma taarifa za mauzo na faida. Ni mara chache kuuliza wafanyakazi hutoka kazini saa ngapi. Katika biashara hii, swali hilo lina thamani ya fedha.

Kutengeneza mchezo mkubwa ni sawa na kujenga nyumba ya kupangisha. Kwa miaka kadhaa wataalamu wa programu, wachoraji, watunzi wa hadithi, mafundi wa sauti na wakaguzi wa makosa hulipwa mishahara, wakati kodi ya nyumba bado haijaingia. Tarehe ya kuuza ikishatangazwa, ahadi huwa deni. Kazi ikichelewa, pengo huzibwa kwa kazi za usiku na za mwisho wa wiki. Hicho ndicho kipindi cha lala salama, na huweza kuchukua miezi.

Mfano ni CD Projekt ya Poland, ambayo hisa zake huuzwa katika soko la Warsaw. Mwaka 2019 viongozi wake waliahidi kwamba kazi ya ziada haitakuwa ya lazima. Lakini Septemba 2020, mchezo wao Cyberpunk 2077 ukiwa umeahirishwa mara mbili mwaka huo, wafanyakazi walitakiwa kufanya kazi siku sita kwa wiki, kwa malipo ya ziada. Oktoba ukaahirishwa tena.

Mchezo ulitoka Desemba 10, 2020 ukiwa na makosa mengi, hasa kwenye mashine za PlayStation 4 na Xbox One. Wiki iliyofuata Sony iliuondoa katika duka lake la mtandao na kukubali kuwarudishia wateja fedha. Hadi mwaka unafungwa, hisa zilikuwa zimepoteza zaidi ya theluthi ya bei yao ya juu ya mwanzoni mwa Desemba.

Marekebisho yaliendelea, na kufikia Oktoba 2023 nakala zaidi ya milioni 25 zilikuwa zimeuzwa.  Lakini si wafanyakazi wote walioifaidi nafuu hiyo: Julai 2023 kampuni ilitangaza kupunguza watu wapatao 100, karibu asilimia 9.

Kwa mwekezaji mdogo, funzo ni hili. Tarehe ikisogezwa mara moja, huenda ni uangalifu. Ikisogezwa tena na tena huku wafanyakazi wakiongezewa siku za kazi, bidhaa haijaiva. Usiweke akiba yako yote hapo kwa kutegemea siku ya uzinduzi.