Kocha alipandisha timu, doo ikaizika
Wewe na mabeste mnapiga kelele "kocha atolewe"? Tulieni, ulizeni kwanza doo iko wapi. Cheki Bury ya Uingereza. Msimu wa 2018/19, kocha Ryan Lowe aliwatoa daraja la nne wakimaliza nambari mbili, na wasee hawakuwa wanalipwa mshahara kwa wakati. Mwenye timu, Steve Dale, alikuwa ameinunua pauni 1 tu. Lowe akahamia Plymouth. Agosti 27, 2019, Bury ikafukuzwa ligi, hata mechi moja ya msimu mpya haijachezwa, juu ilishindwa kuonyesha pesa za kulipa madeni. Timu ya tangu 1885! Siku nyingine ukihesabu ushindi wa kocha, hesabu pia mishahara.