Watu 12 kwa Siku 14

Kijana aliyesoma kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, anaweza kukaa chumbani Iyunga akatengeneza programu ya kuonyesha bei za viazi. Anahitaji kompyuta, bando na uvumilivu. Kibarua kigumu huanza anapotaka kuiweka Play Store.

Ada si tatizo kubwa. Google inatoza dola 25 mara moja, zaidi ya shilingi 60,000. Apple inataka dola 99 kila mwaka. Sharti zito zaidi linawahusu waliofungua akaunti binafsi za Google baada ya tarehe 13 Novemba 2023: programu ijaribiwe kwanza na watu 20 kwa siku 14 mfululizo. Desemba 2024 idadi ilishushwa hadi 12.

Kumi na wawili wanaonekana wachache mpaka uanze kuwatafuta Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa. Kila mmoja awe na simu ya Android na akumbuke anwani yake ya Gmail, wakati wengi walifunguliwa akaunti na muuzaji siku waliponunua simu na nywila wakaisahau zamani. Mtu hutumiwa kiungo, anakubali kushiriki, kisha asijitoe hadi siku ziishe. Zikiisha, mwenye programu hujibu maswali: wajaribu aliwapataje, walimwambia nini, amerekebisha nini. Bado anaweza kuambiwa aendelee na majaribio.

Ndiyo maana mitandaoni kuna vikundi vya watu wasiojuana wanaojaribiana programu, na wapo wanaouza wajaribu kwa fedha. Mkulima wa Ismani, Iringa, ambaye angesema maandishi hayasomeki juani, hayumo. Hapo ndipo sharti hili linapojiharibia lenyewe.

Anayelitetea sharti anaweza kutaja utapeli, na hofu hiyo ni ya kweli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Lakini kuwa na marafiki 12 wenye Gmail hakumtambulishi mkopeshaji mwaminifu.

Akaunti za kampuni zimesamehewa jaribio hilo, ila zinadai namba ya utambulisho wa biashara, D-U-N-S, kutoka Dun & Bradstreet ya Marekani, juu ya usajili wa kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ni mzigo kwa mtu ambaye hajaingiza hata shilingi.

Wengine hukwepa Play Store na kutuma faili la programu, APK, kwa WhatsApp. Njia hiyo nayo inabanwa: Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa zitadai programu za watengenezaji waliothibitishwa, kuanzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha kwingineko kuanzia 2027. Iliahidi pia akaunti nafuu kwa wanafunzi, zenye kikomo cha idadi ya simu. MUST na Chuo Kikuu cha Iringa vinaweza kwenda mbali zaidi: kufungua akaunti ya taasisi, kazi za wanafunzi wao zikapitia humo.